Kambale na Jicho la Binti Yangu

Jumamosi, tarehe tisa Novemba, asubuhi, binti yangu alipoteza jicho la kulia. Halikutoboka wala halikutoka. Liko mahali pake mpaka leo, linafumba na kufumbua pamoja na mwenzake, na akilia linatoa machozi. Lakini mbele ya mboni kuna wingu, na ukimfunika la kushoto ukampungia mkono, anachojua ni kwamba kuna kitu kimepita.

Alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Mimi nilikuwa nje nachoma maandazi ya kuuza, yeye yuko kwenye banda la kuku anageuza maranda. Nikasikia ndoo imeanguka. Alitoka amefunika uso kwa kiganja, anatembea kama mtu anayetafuta ukuta. Alisema, "Mama, jicho limepasuka."

Nilimwambia atoe mkono nione. Jicho lilikuwa jekundu lote, na pale katikati panapokuwa peusi palikuwa peupe, rangi ya maji uliyooshea mchele.

Wiki ile majirani wa mtaa wetu wa Sofu, hapa Kibaha, walikuja kutoa pole. Hawakujua wakae vipi. Jicho halina matanga. Mmoja alikuja na sukari, amejifunga kanga mbili kama anayeingia msibani, akakaa mkekani, akaniuliza kwa sauti ya chini mgonjwa amelala chumba gani. Mgonjwa alikuwa amekaa karibu naye, anakula wali. Jirani akamtazama, akatazama sukari yake, akasema, "Basi pole, mwanangu. Utaona kwa hilo jingine." Niliona haya kulia kama mfiwa wakati mtoto wangu yuko mzima, anaongeza mchuzi. Lakini nililia, siwezi kusema sikulia. Nililia nikiwa naosha vyombo, kwa sababu hapo uso ukilowa hakuna anayeuliza.

Macho yalianza kumwasha akiwa na miaka minne. Kila kiangazi yanakuwa mekundu, jua linamkera, kope zinavimba, na ukivuta ute wa jichoni unatoka mrefu mweupe kama uzi. Hatukuuita ugonjwa. Tulisema huyu ana macho ya kuwasha, kama vile unavyosema huyu ana nywele ngumu. Alikuwa anafikicha. Hakutumia ncha ya kidole kama watu wengine, alitumia kifundo cha kidole cha shahada, anakizungusha kwa nguvu mpaka unasikia mlio, mlio mdogo wa maji, kama ndala iliyolowa ikikanyagwa. Baba yake, ambaye anafyatua matofali ya saruji hapo nyuma ya nyumba, alikuwa akimtania, "Fikicha vizuri, mtama utatoka." Mtoto anacheka, anafikicha zaidi. Ukimzuia anakuambia kufikicha ni kutamu. Na uso wake wakati anafikicha ulikuwa kweli uso wa mtu anayepata raha.

Alipofika miaka saba nilimpeleka zahanati. Mganga aliyekuwa zamu alimfunua kope, akaangalia kwa tochi, akasema, "Mtoto ana mzio." Akaandika matone. Niliuliza mzio wa nini. Alikuwa na watu wengi benchi, lakini alinijibu vizuri. Alisema hilo lazima tulitafute wenyewe nyumbani, tuangalie ni kitu gani hakipatani naye, na kikijulikana aepushwe nacho.

Maneno hayo hayakuwa na kosa hata moja. Nimeyarudia kichwani mara nyingi na sijaona pa kumlaumu.

Jioni mume wangu alimpigia mama yake Kisarawe, akamwambia hospitali wamesema mtoto ana mzio, kuna kitu hakipatani naye. Mama mkwe wangu akasema alikuwa anangoja siku nyingi sana mtu wa hospitali aseme neno la maana.

Kwa watu wa mume wangu mzio ni neno la zamani kuliko zahanati. Ni kile ambacho ukoo hauli. Kila ukoo una wake, unarithiwa kwa baba, na anayekula mzio wake mwili unamkataa: anatoka vipele, anawashwa, macho yanavimba. Mzio wa ukoo wa mume wangu ni kambale. Na mimi natoka Dutumi, karibu na mto Ruvu, kwetu kambale ni mboga ya kila siku. Binti yangu alikuwa akienda kwa mjomba wake likizo, na kule hawapikiwi wageni kuku wakati mtoni kuna samaki.

Kwa hiyo kesi ilikuwa imeshaamuliwa. Mama mkwe hakunikasirikia. Aliniambia kwa upole, "Mkwe, hukujua. Mmemlisha mtoto mzio wa babu zake." Niseme ukweli kwamba nilipata nafuu moyoni. Nilikuwa na ugonjwa usio na jina, sasa una jina, na jina hilo wamelikubali mganga wa serikali na bibi wa Kisarawe kwa siku moja. Watu hao wawili sikuwahi kuwasikia wakikubaliana juu ya jambo jingine lolote.

Mwezi wa nne alipelekwa kwa bibi yake. Alioshwa, akaombewa dua, akaambiwa asiguse kambale wala sufuria iliyopikiwa kambale. Masika yalikuwa yameshika. Mvua ilipiga barabara ikakandamiza vumbi lote, na mtoto aliporudi macho yalikuwa safi kama ya ndama. Tulimshukuru Mungu. Matone ya zahanati tuliyaweka kabatini na baadaye tukayatupa.

Mwezi wa sita akaenda tena. Huo ndio wakati mikorosho inaanza kutoa maua, na watu wanapulizia salfa, unga wa njano unaotua kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kope. Mikorosho ya bibi imeizunguka nyumba. Siku ya tatu macho yakavimba kuliko yalivyowahi kuvimba.

Bibi alimwita mbele. Bibi yake humwita mke mwenzangu, kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, kwa sababu mume wao ni mmoja, yaani babu. Alimuuliza, "Mke mwenzangu, umemla wapi?"

"Sijamla, bibi."

"Mimi unaweza kunificha. Mume wetu yuko kaburini, kule anaona sufuria zote."

Alisema kwa utani, lakini mtoto wa miaka saba hakuuona utani. Alilia. Na alipolia macho yaliwasha zaidi, akafikicha. Bibi aliona kulia kule ni kukiri.

Miaka ilikwenda hivyo. Kila masika mababu wanasamehe, kila kiangazi mtoto anashukiwa. Nikaacha kumpeleka Dutumi. Kaka yangu alichukia, akaniuliza kama yeye anauza sumu. Shuleni akila kwa rafiki, anarudi anaulizwa mboga ilikuwa nini. Alijifunza kujibu kabla ya kuulizwa: anaingia mlangoni, anaweka begi, anasema, "Shikamoo baba, leo ilikuwa maharage." Sisi tulicheka. Wakati huo ilichekesha. Na wakati wote huo kidole kiko jichoni, mbele yetu, mezani, kwenye mkeka, na hakuna aliyekihesabu kuwa kitu.

Darasa la saba alianza kuinamia daftari. Tukampatia miwani. Mwaka uliofuata haikumfaa, tukabadilisha. Ikabadilishwa tena. Mtu wa duka la miwani alisema macho ya watoto yanakua, ni kawaida, ila la kulia lilikuwa linampa shida, kila kioo anachoweka mtoto anasema bado. Yeye mwenyewe alisema herufi zina vivuli, na taa za magari zina mikia.

Halafu ukaja ule mwezi wa Idi. Tulikuwa nje magharibi, watoto wa mtaa mzima wanatazama mwezi mwandamo. Yeye ndiye aliyeuona wa kwanza. Alinyoosha kidole akasema, "Ule pale, miwili. Hapana, mitatu."

Wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alimwambia, "Basi dada, wewe una Idi tatu, utualike zote." Baba yake naye alicheka. Yeye alicheka pia, halafu akafumba jicho la kulia, akatazama, akafumba la kushoto, akatazama tena. Nilimwona. Usoni hakuwa na hofu. Alikuwa kama mtu aliyeweka kitu kabatini na akikitafuta hakioni. Kesho yake ilikuwa Idi, kulikuwa na pilau ya kupika, na siku zikaenda.

Baada ya Jumamosi ile ya Novemba zahanati tulipewa barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa umri wa mdogo wangu. Alimweka mtoto kidevu kwenye mashine, akatazama la kulia, akatazama la kushoto, kisha akageuka. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye. Akamuuliza, "Huwa unafikicha macho?"

Binti yangu akacheka. Alicheka kweli, na daktari akangoja mpaka amalize.

Ndipo tulipoelezwa. Mbele ya jicho kuna kioo, wenyewe wanakiita konea, kinatakiwa kiwe cha mviringo kama kioo cha saa ya mkononi. Cha binti yangu kimekuwa chembamba katikati na kimesukumwa mbele, kimechongoka kama koni. Ndiyo maana mwezi ulikuwa mitatu. Ule upande wa kulia kioo kilikuwa kimevutika mpaka ngozi yake ya ndani ikachanika, maji ya jicho yakaingia ndani ya kioo, kikawa cheupe. Alisema weupe utapungua kwa miezi, lakini kovu litabaki. Na imekuwa hivyo hivyo.

Niliuliza kama ni kufikicha ndiko kulikofanya haya. Alifikiri kabla ya kujibu. "Inawezekana kumechangia sana, mama. Lakini wapo wanaozaliwa na kioo dhaifu, na wapo wanaofikicha maisha yao yote wasipate hiki. Wa kwako huenda ana yote mawili. Nikikuambia ninajua kwa hakika, nitakuwa nakudanganya."

Nikamuuliza, "Na mzio?"

"Mzio ndio unaowasha. Vumbi, chavua, moshi, manyoya ya kuku, inaweza kuwa chochote. Mzio unawasha, mkono unafikicha, kioo kinalegea."

Sikumwambia habari za kambale. Mume wangu alikuwa amekaa karibu yangu na naye hakusema.

Daktari akasema la kulia limeshafika lilipofika, huko mbele labda apandikizwe kioo cha mtu aliyefariki, na hiyo si safari ya karibu. La kushoto nalo limeanza kuchongoka, ila bado linaona. Ipo tiba ya kukaza kioo kwa matone na mwanga, haimrudishii alichopoteza, inakizuia kisiendelee. Lakini hawezi kuifanya juu ya jicho lililovimba kwa mzio. Kwanza mwasho utulie. Atumie matone kila siku hata siku asizowashwa, na asifikiche. "Hili la kushoto ndilo tunalolipigania," alisema.

Tulirudi Kibaha na kazi hiyo: kulinda jicho moja lisiguswe na mwenyewe.

Kuku tuliwauza wiki hiyo hiyo, na maranda tukayachoma mbali na nyumba. Mume wangu akahamishia matofali kiwanja cha mbele kwa rafiki yake. Nikawa napika kwa gesi asubuhi na maandazi nikayaacha. Tukamwaga maji uani. Bado anawashwa. Barabara ya mtaa wetu ni ya vumbi, na jirani naye ana kuku, na jirani yake pia, Kibaha yote inafuga kuku. Siwezi kumwambia mtu auze kuku wake kwa ajili ya jicho la mtoto wangu. Matone nayahifadhi kwenye friji la duka la soda hapo kona, kwa sababu yakiwa ya baridi yanatuliza zaidi, na mwenye duka akituona tunakuja anayatoa kabla hatujasalimiana.

Mchana anajizuia. Nimemwona ameshika meza kwa mikono yote miwili, vidole vimekuwa vyeupe, machozi yanashuka, hafikichi. Kumwona hivyo ni kubaya kuliko kumwona akifikicha. Ninamwekea kitambaa cha maji baridi, na hapo uwezo wangu umekwisha. Akilala ndiyo shida. Usingizini mkono unakwenda wenyewe. Tulimvalisha soksi mikononi, anazivua bila kuamka. Nikikaa naye nitamshika, lakini na mimi ninasinzia.

Mwezi wa nne mwaka huu tulikwenda Kisarawe, yeye na mimi. Bibi yake amezeeka, anatembea kwa kushika kuta. Baada ya shikamoo na marahaba alimvuta mjukuu karibu, akamtazama lile jicho lenye wingu kwa muda mrefu. Alijua habari kwa simu, lakini alikuwa hajaliona. Kisha akauliza kile nilichokuwa naogopa atauliza. Aliuliza kama daktari mkubwa amesema ni kambale.

Mimi nilianza kuzungukazunguka. Binti yangu ndiye aliyejibu. Alimweleza bibi yake taratibu, kama mtu anayefundisha: kioo, wembamba, vumbi, mkono. Alisema, "Kambale hana kosa, bibi."

Bibi akauliza, "Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na mimi hata simpendi. Ananuka matope. Nilikuwa nawaambia sijala, kweli nilikuwa sijala."

Bibi aliangalia mikono yake mwenyewe. Yeye hakuwa amemfanyia mtoto jambo asiloamini. Alitumia kile alichopewa na wazee wake, na tulimpa neno lililofanana nacho kabisa.

Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mzio wake ni mkono."

Binti yangu akasema ndiyo, unaweza kusema hivyo.

"Mzio wa mkono," bibi akarudia. "Huo ni mgumu, mke mwenzangu. Kambale unaweza kumwacha mtoni."

Mchana ule baada ya chakula mtoto alilala mkekani sebuleni. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini kope zilikuwa bado zinawasha, mwaka huu hata masika hayajampa nafuu ya zamani. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Nilikuwa mbali kidogo, kabla sijainuka bibi alishaudaka. Akaushusha, akauweka mapajani pake, akachukua na wa pili. Akakaa hivyo, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, ameshika mikono miwili ya mtu mzima kama anayeshika watoto wa kuku. Nilimwambia nimpokee. Akakataa kwa kichwa. Swala ya alasiri ilimkuta hivyo, na hakuinuka mpaka mjukuu alipoamka mwenyewe.

Tangu siku ile akipiga simu asubuhi hamuulizi ameamkaje. Anamuuliza, "Mikono haijambo?" Na binti yangu anamjibu, "Haijambo, bibi, imelala salama," hata siku ambazo mimi nimeona kope zake na najua haikulala salama. Mara ya kwanza nilitaka kumkatiza. Sikumkatiza.

Jumanne iliyopita tulirudi kwa daktari. Ilikuwa siku ya kupima kama jicho la kushoto limetulia vya kutosha ili apangiwe ile tiba. Tulikuwa tumejiandaa kwa hiyo siku kama watu wanavyojiandaa kwa harusi. Alikuwa ametumia matone yote bila kuruka, mimi ni shahidi. Alivaa gauni lake la Idi.

Daktari aligeuza kope la juu nje ndani. Sikuwahi kuona upande wa pili wa kope la mtoto wangu. Kulikuwa na vinundu vimepangana, vikubwa, vyekundu, kama punje za hindi bichi. Alisema bado. Akamweka kwenye mashine, akalinganisha picha mpya na ya zamani, akasema kioo kimesogea kidogo. Niliuliza kidogo ni kiasi gani. Alisema kidogo ambacho asingependa kukiona. Angebadilisha dawa, aongeze moja kali kwa muda mfupi chini ya uangalizi wake, na turudi baada ya wiki sita. Niliuliza kama wiki sita jicho litangoja. Alisema anatumaini. Hakusema litangoja.

Binti yangu aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama anaweza kuendelea na shule. Daktari akasema aendelee, akae mbele.

Tulikaa kwenye benchi la dirisha la dawa. Watu walikuwa wengi. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na vumbi lilikuwa linaingia pamoja na mwanga. Nikaona mkono wake wa kulia umeinuka. Ulifika shavuni ukasimama hapo. Mimi sikuushika. Akaushusha, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia, na akabaki anatazama mbele kwa jicho la kushoto mpaka tulipoitwa.